Kabla ya Netflix Kulikuwa na Jamaa wa Muvi

Nikiwa darasa la sita niliweka kitambulisho cha mathe rehani ili nione Olympus Has Fallen. Hapo ndipo nilijua kwamba duka la muvi huchagui kwa sababu tu liko karibu na kwenu. Nitawaambia iliendaje, lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu wengi wenu mlizaliwa mkakuta Wi-Fi kwa ploti. Mnadhani watu walianza kuangalia muvi Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016. Hapana wasee. Kuna historia ndefu hapo katikati, na hakuna mtu anaiandika kwa sababu karibu yote ilifanyika kwa vibanda vya mabati.

Enzi ya kaseti

Mwalimu wangu wa hii historia ni anko. Alikulia Eastlands miaka ya themanini, na kila nikimuuliza walikuwa wanaangalia nini, anaanza kwa kucheka. Televisheni ilikuwa na stesheni moja tu, ya serikali. Ilikuwa inaitwa Sauti ya Kenya, halafu mwaka 1989 ikarudia jina la KBC. Stesheni ya kwanza ya binafsi, KTN, ilianza 1990. Kwa hivyo kabla ya hapo mtu mmoja kwa ofisi alikuwa anaamua nchi nzima itaangalia nini usiku. Usipopenda, unazima na unalala.

Sinema zilikuwepo, ila zilikuwa tao. Kulikuwa na 20th Century hapo Mama Ngina Street na Kenya Cinema kule Moi Avenue. Ukiwa na gari unaenda drive-in ya Fox, Thika Road. Sasa piga hesabu ya kijana wa Eastlands: tikiti, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na bado hujui kama utapata matatu usiku. Anko anasema alienda mara chache sana, na kila safari anaikumbuka hadi shati aliyovaa.

Kilichobadilisha mambo ni deki. Kampuni ya JVC kule Japani ilitoa mfumo wa VHS mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Hizo mashine zilipoanza kufika mitaani kwetu, mwenye deki alikuwa kama chifu. Watu wanamsalimia mara mbili. Na hapo zikazaliwa biashara mbili.

Ya kwanza ni video hall. Chumba cha mabati, mabenchi, TV imefungiwa juu ndani ya kijumba cha chuma isiibiwe, na pazia zito mlangoni ili asiyelipa asichungulie. Humo ndani ni Bruce Lee, ni Rambo, ni Commando, na sauti imewekwa juu hadi nje ili wewe unayepita usikie unachokosa. Hiyo ilikuwa ya wasio na deki.

Ya pili ni laibrari ya video. Hiyo ilikuwa ya walio nayo, au wenye jirani aliye nayo. Unajiandikisha, unaacha pesa kidogo ya dhamana, unachukua kaseti, unarudisha kesho yake. Na hapa ndipo anko anakuwa profesa, kwa sababu anasema laibrari zilikuwa kadhaa na hukuwa unaingia tu yoyote. Kulikuwa na mambo ya kuangalia.

Jambo la kwanza lilikuwa kaseti yenyewe. Mkanda wa VHS unahifadhi picha kwa sumaku, na kila ukinakili kutoka kaseti moja hadi nyingine picha inapoteza kitu. Kopi ya kopi ya kopi inakuwa na rangi zimemwagika na sauti ina mvumo kama mvua. Laibrari nyingi zilikuwa na deki mbili zimeunganishwa kwa waya, kazi ni kunakili usiku kucha. Kwa hivyo ulikuwa unauliza: hii ni kopi ya ngapi? Mwenye duka mwaminifu anakuambia ukweli. Mwingine anakuapia kwamba ni mpya, unafika nyumbani unakuta Schwarzenegger hana uso.

Jambo la pili, kurudisha mkanda nyuma. Ukimaliza muvi, mkanda uko mwisho, na lazima mtu aurudishe mwanzo. Kama si wewe, ni yeye, na anachosha kichwa cha deki yake. Kwa hivyo kulikuwa na faini. Anko alitozwa mara nyingi hadi leo akimaliza kitu kwa simu anarudisha mwanzo kabla ya kuzima. Sio utani, nimemwona.

La tatu ni ujuzi wa mwenye duka. Jirani yao alitoka Marekani na mzigo wa kaseti, mtaa mzima ukajipanga sebuleni, ikawekwa, ikatoka mistari na hakuna rangi. Wakadhani deki imeharibika. Jamaa wa laibrari ndiye aliyewaeleza: Marekani wanatumia mfumo wa NTSC, sisi hapa ni PAL. Mashine zetu nyingi hazikuweza kuisoma. Kwa hivyo jamaa wa muvi alikuwa pia fundi, mshauri, na mtu wa kukuambia usitupe pesa.

La nne, na anko anasema ndilo kubwa: nani anakujua pale. Bila mtu wa kukutambulisha, dhamana inapanda. Ukitambulishwa, unachukua mbili na unalipa mwisho wa mwezi.

CD ya kwanza na CD ya pili

Halafu sahani zikaingia. VCD ilitoka 1993, na sahani moja ilikuwa inabeba kama dakika 74. Sasa muvi ni saa moja na nusu au mbili. Kwa hivyo kila muvi ilikuwa na CD ya kwanza na CD ya pili, na ya kwanza ilikuwa inakatika pale tu jambazi ameshika bastola. Mnaamka, mnabadilisha, mnakuta ya pili ina mikwaruzo. Mathe anasema kuna muvi kadhaa za Nigeria ambazo hadi leo hajui ziliishaje.

Na hizo za Nigeria zilikuwa nyingi. Soko lao lilikuwa limelipuka baada ya Living in Bondage ya 1992, ambayo ilitoka kwa VHS ikaenda moja kwa moja nyumbani kwa watu bila kupitia sinema. Baadaye Citizen wakatuletea Afrosinema, na mathe akawa hapigiwi simu saa hiyo.

DVD ilianza kuuzwa Japani 1996. Wenye studio walikuwa wameigawa dunia kwa maeneo ili sahani ya Marekani isicheze kwingine, na sisi Kenya tuliwekwa eneo la 5. Lakini mashine zilizokuwa zinauzwa mitaani zilikuwa za bei nafuu kutoka Uchina, na hazikuwa na maswali mengi. Unaweka, inacheza.

Sasa hapa naomba uwe makini, kwa sababu hii ndiyo siri ya kwa nini laibrari zilikufa. Kopi ya kaseti inaharibika kila unapoirudia. Kopi ya dijitali haiharibiki. Kopi ya mia moja ni sawa na ya kwanza. Kompyuta zenye uwezo wa kuchoma CD na DVD zilipofika kwa cyber za mtaani, mwenye duka alijiuliza swali rahisi: kwa nini nimkopeshe mtu sahani halafu nimtafute wiki mbili, na ninaweza kumchomea yake kwa bei ya sahani tupu na faida juu? Kukodi kukageuka kuwa kununua. Shilingi 50, ya kwako milele, ama hadi ikwaruzike. Halafu wakajua kubana faili, muvi moja ikashuka hadi kama MB 700, na DVD moja ikaanza kubeba muvi sita. Jackie Chan zote kwa sahani moja. Zingine zikaja na sauti ya DJ Afro juu yake, na hapo hata shosho asiyejua Kizungu akawa anafuata hadithi na kucheka kuliko sisi.

Wakati huohuo, pale River Road kulikuwa na watu wanatengeneza muvi zetu. Vichekesho vya Kikuyu, hadithi za Kikamba, kamera ndogo, bajeti ndogo, wanauza sahani wenyewe. Tukaita Riverwood. Hilo jina likumbuke, nitalirudia.

Kitambulisho cha mathe

Mwaka 2014 mtaa wetu ulikuwa na maduka mawili ya muvi. La kwanza lilikuwa hatua chache kutoka kwa geti yetu. Lilikuwa na TV kubwa, mabango mapya, na bado lilikuwa linakodisha kwa shilingi 20, siku mbili. Ila kama wewe ni mtoto, unaacha kitu cha thamani. La pili lilikuwa kule chini karibu na stendi ya boda, chumba kidogo, jamaa mmoja mkimya na kompyuta yenye feni inayolia.

Mimi nilienda la karibu. Mathe alikuwa kazini, kitambulisho chake kiko kwa droo, nikakichukua, nikakiacha dukani, nikabeba Olympus Has Fallen. Tuliangalia na dadangu mdogo. Usiku akaifanya sahani kuwa sinia ya kupikia michezo. Asubuhi ilikuwa na mikwaruzo kama barabara ya kwetu.

Jamaa wa duka akasema 300. Sahani ya 50, anataka 300, la sivyo kitambulisho kinabaki. Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne mathe akatumiwa pesa ya kodi kwa M-Pesa na nduguye, akaenda kutoa, wakala akamwambia lete kitambulisho. Alirudi nyumbani akafungua droo. Sitaelezea kilichofuata. Landilodi alikuwa amempa hadi saa kumi na mbili jioni.

Nikakimbia kwa duka la pili, sijui hata kwa nini. Nikamweleza yule jamaa mkimya huku nalia. Akaniuliza jina la muvi. Akaweka sahani tupu kwa kompyuta, akachoma, akaandika jina kwa kalamu, akafunga duka lake, tukaenda pamoja. Akamwambia yule mwingine: "Muvi yako hii hapa, iko safi kuliko ile. Mpe mtoto kitambulisho." Na kikatoka. Mathe alilipa kodi saa kumi na mbili kasoro.

Nimefikiria hiyo siku mara nyingi. Kopi ya wizi ilifidia kopi nyingine ya wizi, na haki ikatendeka. Sijawahi kujua niiweke wapi.

Enzi ya flashi

Kuanzia siku hiyo duka langu lilikuwa lile la chini, hata nikipita la kwanza njiani. Na halikuwa tena la sahani. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa kupitia baharini, na taratibu intaneti ikawa kitu ambacho mtu wa biashara ndogo anaweza kulipia. Jamaa alikuwa anapakua usiku, asubuhi unakuja na flashi. Muvi shilingi 20, episodi 10.

Vigezo vya kuchagua vikabadilika tena. Sasa unauliza: hii ni ya kamera ama ni safi? Kwa sababu kuna wale wanakupa muvi iliyorekodiwa ndani ya sinema, na kichwa cha mtu kinapita mbele. Unauliza pia kama kompyuta yake ina virusi, maana kuna duka ukipeleka flashi inarudi kila folda imekuwa shotikati na kazi ya shule imepotea. Na unataka mtu anayejua kwamba flashi nyingi za wakati huo hazikubali faili moja ya zaidi ya GB 4, hata kama nafasi iko. Wengine walikuwa wanakuambia flashi yako ni feki. Yeye alikuwa anakutafutia faili ndogo.

Lakini kilichonirudisha pale ni kwamba alikuwa anauliza. "Ile ulichukua Jumanne, uliionaje?" Ukisema ilikuwa polepole, anakumbuka. Wiki ijayo anakuwekea kitu hukuomba, anasema, "Usipoipenda usilipe." Alinipa muvi za Korea kabla hazijakuwa fasheni. Alinipa Nairobi Half Life, ile ya 2012 iliyokuwa muvi ya kwanza Kenya kupeleka Oscars. Na alijua kukataa. Mwaka 2014 bodi ya KFCB ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, na unajua vile inakuwa: kitu kikikatazwa ndio kila mtu anakitaka. Nilienda kuiomba. Akaniangalia, akasema, "Rudi ukiwa na kitambulisho chako, si cha mathe."

Sasa nani aliibiwa?

Niliacha chuo mwaka 2023, karo ilikataa. Nilirudi mtaani bila mpango, na yule jamaa akaniajiri. Nilikuwa najaza flashi, nachapa CV za watu, na jioni ananiachia kompyuta. Hapo ndipo nilijifunza kukata video, kwa graduation na harusi za watu. Kila kitu mnachoona nikifanya leo kilianzia kwa hiyo kompyuta ya feni.

Siku moja alikuja mzee mmoja na mfuko. Ndani kuna DVD, muvi yake mwenyewe, aliitengeneza kwa pesa yake na familia yake. Alikuwa anatembea duka kwa duka. Bosi akachukua 5, mzee atarudi baada ya wiki mbili. Jioni hiyo nikaweka moja kwa kompyuta, nikaitoa, nikaiweka kwa folda ya mpya. Sikufikiria hata sekunde moja. Ilikuwa ni kazi. Watu waliipenda, wakaulizana, nikaijaza kwa flashi nyingi kwa 20 kila moja. Mzee aliporudi, DVD zake 5 zilikuwa palepale, moja tu imefunguliwa. Akauliza kama watu hawakuipenda. Nikasema labda bado hawajaijua.

Bosi alijua kwa sababu aliona folda. Hakupiga kelele. Aliniambia: "Wale wa Marvel hawatawahi kuja hapa kuuliza. Huyu amekuja kwa miguu yake." Akamlipa mzee zile 5 zote, akaikata kwa mshahara wangu.

Najua sheria iko. Kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hata kuonyesha ama kusambaza muvi kunahitaji leseni ya KFCB. Maduka mengi ya mtaani yalikuwa nje ya hiyo, na lile la bosi wangu pia. Sitawadanganya kwamba tulikuwa mashujaa. Wala sitakubali mtu anayelipia stesheni tano aje kuniambia mathe wangu alikuwa mwizi kwa sababu ya Afrosinema ya 50 bob. Hakukuwa na mahali pengine pa kuzipata kwa pesa tuliyokuwa nayo. Lakini mzee wa Riverwood alikuwa anauza kwa bei ya mtaa, ndani ya mtaa, na bado tulimpita. Hapo sina jibu la kujitetea.

Miezi michache iliyopita ukurasa mmoja mkubwa ulichukua video yangu, ukakata jina langu pembeni, ukapata watazamaji ambao mimi sijawahi kuwaota. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamkumbuka mzee na mfuko wake.

Duka lilifungwa mwaka 2024. Wi-Fi iliingia ploti, bando zikashuka, na Netflix yenyewe iliwahi kutupa mpango wa bure wa simu kuanzia 2021 hadi 2023. Pale sasa wanauza simu za mkopo. Hata Marekani, Blockbuster iliyokuwa na maelfu ya maduka imebaki na moja tu kule Bend, Oregon, na watu wanaenda kupiga picha.

Sisemi turudi kwa kaseti. Ila maswali ya anko bado yanafanya kazi. Unapochagua mahali pa kutoa muvi yako, iwe ni app, ni Telegram ama ni flashi ya beshte, uliza nani pale anakujua, halafu uliza pesa inafika kwa nani. App inajua ulibonyeza nini, ila haiwezi kufunga duka ikusindikize kuchukua kitambulisho. Na kama ni muvi ya Kenya, jua kwamba aliyeitengeneza huenda anapanda matatu moja na wewe.

Ile DVD ya mzee niliyoifungua niko nayo hadi leo. Niliiuza mara nyingi na sijawahi kuiangalia hata dakika kumi. Sasa hakuna mtu ninayemjua mwenye mashine ya kuicheza. Nikiipata, nitaikalia mwanzo hadi mwisho, pamoja na majina yale madogo ya mwishoni.